Malalamiko Dhidi ya Sufuria Isiyotoa Ukoko

Bi. Penina Lameck (Mama Erica),
Nyumba yenye geti la bluu, nyuma ya mashine ya Shaibu,
Mkonze, Dodoma.
Jumamosi, baada ya kufua.

Kwa Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,
Ofisi ya Mtaa,
Mkonze.

YAH: KUISHITAKI SUFURIA YA UMEME, PAMOJA NA MCHELE WAKE

Ndugu Mwenyekiti Nikodemo,

Pokea salamu zangu wewe na mama watoto. Natumaini kifua kimepona, maana siku ya mkutano ulikohoa mpaka ajenda ya takataka ikapita bila mtu kuijadili. Tangawizi chemsha na limao, usiweke sukari, sukari nitakueleza habari zake hapa chini. Kichwa cha habari umekiona. Sasa naomba unione na mimi niliye chini yake.

Najua ofisi yako inashughulikia mambo ya watu: mipaka ya viwanja, vijana wa muziki, mbuzi walioingia kwenye zabibu za mtu. Nimeulizia, nikaambiwa sufuria haijawahi kushitakiwa hapa mtaani. Lakini na mbuzi naye hakuwahi kushitakiwa mpaka siku alipoonja zabibu. Kila kesi ina siku yake ya kwanza.

Naandika nikiwa sebuleni. Mshitakiwa yuko mbele yangu juu ya kabati, amewasha taa yake nyekundu, ananitazama. Anapika. Mchele wake hauna haraka hata kidogo, kwa hiyo nina muda wa kusema yote, na usishangae barua ikiwa ndefu. Ni yeye anayeirefusha.

Nianze na chanzo. Mume wangu, Mzee Lameck, unamfahamu, yule mstaafu wa reli anayevaa kofia hata ndani ya nyumba. Ana sukari. Mwaka huu imepanda vibaya, na vidole vya mguu wake wa kushoto havisikii tena. Akikanyaga jiwe, mimi ndiye ninayelia. Kliniki wamemwambia ajihadhari na chakula, na isiposhuka ataanza kuchomwa sindano za kila siku. Mzee huyu, enzi zake pale Gulwe, alisimama katikati ya reli na taa ya mkono akaisimamisha treni ya mizigo, kwa sababu maji yalikuwa yamekula tuta. Treni hakuiogopa. Sindano anaiogopa kama mtoto wa chanjo. Tangu aambiwe vile anageuka kitandani kama chapati, na mimi nageuka naye.

Binti yetu Erica, anayefanya kazi ofisini mjini, aliposikia hayo akaja na mizigo miwili. Wa kwanza, sufuria ya umeme, ile wanayoiita raiskuka. Wa pili, mfuko wa mchele wa brauni, yaani mchele uliovuliwa ganda la juu tu, ukaachiwa pumba zake. Akasema baba asile tena wali mweupe, ale huu, kidogo, na mboga nyingi. Akasema pia kwamba sufuria itanipunguzia kazi. Nikaitikia asante, maana nimelelewa. Lakini Ndugu Mwenyekiti, mimi sikuwa nimeomba kupunguziwa kazi. Kazi yenyewe ipi? Kumpikia Mzee?

Jumatatu hii anarudi kliniki kupimwa. Naomba ofisi yako itoe uamuzi mapema, kwa sababu nataka nijue naenda kule nikiwa nani. Malalamiko yangu nimeyapa namba ili tusipotezane.

1. Mchele ulikuja haujamalizika.

Nilipofungua ule mfuko nikaona punje zina rangi ya sare ya mgambo. Nikajua wamemwonea mwanangu, wamemuuzia mchele wa mashine mbovu. Sisi tuliokulia ugali wa uwele na mlenda, wali kwetu ulikuwa wa Krismasi na wa harusi, na wali wa heshima ni mweupe. Mchele wa rangi ile bibi yangu alikuwa akiutoa kinuni siku ambayo mikono imechoka, na kabla ya kupakua alikuwa anawaomba wageni radhi. Leo watoto waliosoma wanautafuta madukani, uko kwenye mfuko wenye picha ya mwanamke anacheka. Mimi najua anachocheka.

Nikafanya ambalo mama yeyote angefanya. Niliumimina kwenye beseni nikaupeleka kwa Shaibu, mwenye mashine ya kukoboa hapo mbele. Shaibu akauchota kwa kiganja, akautazama, akaniuliza kwa adabu kama nina uhakika. Nikamwambia mwanangu, wewe koboa, mimi nimeanza kula wali kabla mama yako hajaolewa. Ukatoka mweupe pee, kama jino la kwanza la mtoto. Pumba nikawamwagia kuku. Mzee nikampikia, akala, akasifu.

Erica alipokuja Jumapili akafunua sufuria, akatoka mpaka uani, akawatazama kuku wakidonoa pumba. Kisha akasema, "Mama, dawa ya baba ndiyo hiyo uliyowamwagia kuku."

Sasa nauliza mbele ya ofisi yako. Mtu mzima aliyeitumikia reli mpaka akapewa saa ya ukutani, dawa yake iwe chakula cha kuku? Ingawa sitakuficha, wiki ile kuku walitaga kwa fujo, hata yule tetea mwekundu ambaye alikuwa ameshastaafu kabla ya Mzee. Na hilo nalo ni lalamiko, kwa sababu mfuko wa pili Erica alinikataza kuupeleka kwa Shaibu. Pumba zimekatika, na kuku wamegoma. Asubuhi wanajipanga mlangoni wananitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyewapunguzia mafao.

2. Sufuria haikubali kupaliwa.

Wewe umekula wali wa mkaa tangu utoto, huna haja ya kufundishwa. Maji yakikauka, unafunika, unapanga makaa juu ya mfuniko, wali unapata moto wa chini na wa juu, unaiva kwa amani. Jirani yangu Sabiha, ambaye kwao wanapika pilau tangu babu zao walipofika na misafara, husema kwamba wali usiopaliwa ni uji uliokosa maji. Na Sabiha hasemi neno la jikoni bila kulipima.

Basi siku ya kwanza nilibonyeza kitufe kama nilivyoelekezwa. Nikasubiri. Nilipoona mvuke umepungua nikaenda uani kwenye jiko la maharage, nikachota makaa yaliyokolea vizuri, nikayapanga juu ya mfuniko kwa duara, kama mama yangu alivyonifundisha. Ndugu Mwenyekiti, ule mfuniko ulifanya jambo ambalo sijawahi kuona mfuniko ukilifanya. Ulikaa chini. Ulizama katikati polepole kama kofia iliyonyeshewa, makaa yakazama nao, na harufu ikatoka mpaka Mzee akaja kutoka chumbani kuuliza nani anachoma ndala.

Naomba iandikwe kwamba sufuria ndiyo iliyoanza. Chombo kinachojiita cha kupikia halafu kinaogopa moto ni sawa na mfugaji anayeogopa ng'ombe. Ilibidi Erica azunguke kwa mafundi mpaka akapata mfuniko mwingine, wa rangi nyingine, ndiyo maana utakapomwita mshitakiwa utamwona ni mweupe mwilini na wa kijani kichwani, kama mama wa kwaya.

3. Haitoi moshi wala harufu.

Hili dogo lakini linauma. Zamani nikibandika wali, mtaa mzima unajua kwa Mama Erica leo kuna nini. Mtu anapita na hodi yake ya bahati mbaya, anakaribishwa, anasema ameshiba, anakula. Ndivyo tunavyoishi. Sasa jiko langu la uani limekaa baridi, hakuna moshi, hakuna harufu, na watu wanaona. Juzi Sabiha alikuja na bakuli la maharage ya nazi limefunikwa kwa sahani, akalitua mezani, akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna tatizo na tunaogopa kusema. Nikamwonyesha sufuria iko pale inapika. Akaitazama, akanitazama, akasema, "Pole, shoga." Maharage akayaacha.

Tuliyala na wali wa brauni. Yalikuwa matamu sana, nampongeza, lakini aibu iko palepale.

4. Inaimba.

Ikimaliza kupika haikai kimya kama sufuria zenye malezi. Inatoa wimbo. Siyo mlio, Ndugu Mwenyekiti, ni wimbo mzima una mwanzo na mwisho, unaofanana na wa gari la kuuza barafu. Jumatano jumuiya ilikuwa kwangu. Mwinjilisti wetu akaomba, na wewe unamjua anavyoomba, alishapita kwa wagonjwa, wajane, wasafiri, alikuwa ndiyo anaingia kwa viongozi wa mataifa, sufuria ikaimba. Watu wote wakasema "Amina" kwa sauti moja, wakafumbua macho, wakaanza kukunja khanga. Mwinjilisti akabaki na mkono hewani.

Nilitaka ardhi inimeze. Na jambo baya zaidi ni kwamba tangu siku hiyo kina mama wanne kwa nyakati tofauti wamenifuata wakiniomba jumuiya ijayo iwe tena kwangu.

5. Haitoi ukoko.

Hili ndilo lalamiko lenyewe. Yale mengine nilikuwa nakusogezea kiti.

Wakati naolewa nilikuwa mama ntilie mdogo pale stesheni ya Gulwe. Treni ikisimama, abiria wanashuka na njaa zao, sisi tunawapakulia wali na maharage haraka haraka kabla ya kipenga. Lameck alikuwa kijana wa reli, mwembamba, ana bendera mbili na kofia ileile. Yeye hakuwa na haraka. Siku hiyo abiria walimaliza wali wote, akaja wa mwisho, akakuta sufuria tupu. Nikamwonea huruma, nikaukwangua ukoko wa chini, nikamtilia kwenye sahani na mchuzi wa maharage. Akaula amesimama, mpaka ukaisha. Kesho yake alikuja mapema, wali umejaa sufuria unatoa mvuke. Nikachukua upawa nimpakulie. Akasema yeye anasubiri ukoko.

Ndugu Mwenyekiti, mimi nilikuwa msichana lakini sikuwa mjinga. Nilielewa.

Tangu hapo ukoko wa nyumba hii haujawahi kuingia kinywa kingine. Watoto walilia, hawakupewa. Mkwe alikuja, hakupewa. Hata askofu alipotutembelea alipewa paja la kuku, ukoko ukaenda kwa Mzee. Sina maneno mengi ya mapenzi mimi, niliishia darasa la nne na hatukuwa tumeyafikia. Ukoko ndio ulikuwa maneno yangu.

Sasa hii sufuria chini yake kunateleza kama sabuni. Wali unatoka wote kwa pamoja, haubaki hata punje ya ushahidi. Nakwangua, hakuna. Nageuza, hakuna. Namwangalia Mzee anakula wali wake wa khaki na mchicha, ananiambia asante, na mimi sina la kumwongezea. Nauliza kwa heshima: nikikaa naye mezani, nampa nini ambacho kitufe hakiwezi kumpa?

6. Imekaa nyumbani kama mke mwenzangu.

Soketi ya jikoni haifanyi kazi, kwa hiyo sufuria imewekwa sebuleni, juu ya kabati, kando ya picha yetu ya harusi. Kila siku inapumua pale. Mvuke umeingia ndani ya kioo cha picha, na upande ulioingia ni wangu. Mzee anaonekana vizuri na suti yake ya kuazima, amemshika mkono mtu ambaye ni wingu.

Kisha Mzee mwenyewe. Zamani alikuwa anakuja kwenye chakula wakati wa kula tu. Sasa tangu mchele unalowekwa yupo. Anavuta kiti, anakaa, anavizia ile taa nyekundu igeuke ya njano, nadhani inamkumbusha ishara za reli. Ikigeuka anainua mkono kama anairuhusu treni ipite. Nimemsikia kwa masikio yangu akiiambia sufuria kazi nzuri. Mimi nimempikia miaka yote hiyo, sijawahi kuinuliwa mkono.

Na kwa kuwa sina moto wa kuchochea wala mfuniko wa kupalia, na mimi nakaa. Basi tunakaa wawili, mikono mapajani, kama wachumba wanaosubiri wazee watoke ndani. Na Mzee anaongea. Huyu mtu alikuwa anaweza kumaliza wiki kwa maneno ya salamu tu, lakini sasa ananieleza treni moja moja, zilivyokuja na zilivyochelewa, nani alikuwa dereva, nani alisahau mbuzi wake kwenye behewa. Juzi akaniambia kuhusu zile sindano, kwamba siyo maumivu anayoyaogopa. Anaogopa siku mikono yake ikianza kutetemeka, mimi nitamchoma sindano huku nalia na nitakosea. Hajawahi kuniambia kitu kama hicho kwenye moshi wa mkaa. Nikamrekebishia kola.

Haya yote yanatokea mbele ya ile sufuria. Ninaona siyo sawa kitu cha dukani kisikilize mambo ya watu. Na kanisani kwetu mke ni mmoja.

7. Inakokwenda.

Sasa fikiri kama kiongozi. Kama kwa muda mfupi tu sufuria imechukua kazi ya kupika, ikachukua kiti cha heshima sebuleni, ikafunga maombi, ikawafanya kina mama wahamishe jumuiya, ikamfanya mwanamume wa miaka ile aongee, basi huko mbele kuna nini? Itaanza kualikwa kwenye vikoba. Itachangia harusi kuliko sisi. Siku ya sensa karani akija na kuuliza ni nani anayewalisha humu ndani, tutajibu nini? Tukidanganya ni kosa, tukisema kweli ataiandika.

Na mtu akishaandikwa sensa anaweza kugombea. Nakuambia hili kwa mapenzi, Ndugu Mwenyekiti. Haikohoi kwenye mikutano. Haichelewi. Ikimaliza jambo inatangaza, tena kwa wimbo. Watu wa mtaa huu nawajua, wataipa kura, na wewe utakuwa wa kwanza kutoka. Kwa hiyo hii kesi siyo yangu peke yangu.

MAOMBI YANGU

Kwanza, mshitakiwa aitwe ofisini aonywe mbele ya mashahidi. Shaibu atashuhudia habari za mchele, Sabiha atashuhudia habari za kutopaliwa, na kuku wataletwa wakihitajika.

Pili, ahamishiwe Mpwapwa kwa wifi yangu Jenifa, ambaye ni mkali, akakae huko ajifunze. Nitamfunga mwenyewe kwenye gunia na kumkabidhi kwa kondakta wa basi.

Tatu, Erica aandikiwe kwa lugha ya upole kwamba mama yake anamshukuru sana, ila mama siyo kazi ya kupunguzwa.

Nne, hili la nne liwe kati yangu na wewe. Kama ofisi yako ina uwezo wowote wa kusema na watu wa kliniki, waambie wasimpe Mzee habari mbaya Jumatatu. Au wanipe mimi kwanza, nitajua namna ya kumfikishia.

Naishia hapo kwa kuwa karatasi inaisha na taa imeshageuka njano. Nisalimie mama watoto na yule mdogo aliyeng'oa jino. Nisalimie wajumbe wote, na katibu wako, mwambie lile beseni langu alilobeba siku ya msiba bado nalikumbuka bila hasira. Msalimie hata mwenye mbuzi. Mungu akulinde kifua na kiti.

Ni mimi mwananchi wako mtiifu, ninayedai ukoko wangu,
Penina Lameck (Mama Erica).

NYONGEZA BAADA YA SAHIHI, JUMATATU MCHANA:

Ndugu Mwenyekiti, Jumamosi nilikuta ofisi imefungwa, ndiyo maana barua inakufikia leo na imeongezeka.

Nilipoenda kufunua sufuria siku ile, kwa kuwa nilikuwa nimeirefusha barua, wali ulikaa sana kwenye ule moto wake wa kungojea, wa taa ya njano. Nikapakua. Chini nikakuta kitu. Nikakwangua kwa upawa, kikanyanyuka: ukoko. Mwembamba, wa duara, una rangi ya kofia ya Mzee. Nilifurahi mpaka nikaipigapiga sufuria mgongoni. Nikautia kwenye sahani, nikamwekea mbele yake, nikasimama nione.

Mzee akautazama muda mrefu. Akavua kofia. Akasema, "Mama Erica, nikuambie kitu na usikasirike. Mimi ukoko sijawahi kuupenda. Unaniumiza meno. Pale Gulwe nilikuwa nasubiri sufuria iishe ili abiria waondoke, tubaki wawili."

Nikamuuliza sasa miaka yote hii alikuwa anakula nini. Akasema alikuwa anakula ukoko, angefanyaje, na mimi nilikuwa nimesimama pale namwangalia.

Nimekaa na jambo hilo Jumapili yote, hata kanisani sikusikia somo.

Leo tumetoka kliniki. Sukari imeshuka. Nesi amepima mara mbili kwa sababu nilimwomba arudie, na imeshuka mara zote mbili. Sindano zimeahirishwa, na wamesema aendelee hivyohivyo na huo mchele, chochote anachofanya asiache. Njiani Mzee aliinua mkono kuisimamisha bodaboda kama anasimamisha treni ya mizigo.

Kwa hiyo naomba barua hii isifanyiwe kazi. Siwezi kuiandika upya, karatasi sina, naomba tu uisome ukianzia chini ukipanda juu, utaona inakaa vizuri. Ile safari ya Mpwapwa isiwepo. Mshitakiwa namfumia kitambaa cha kumfunika, kijani kifanane na mfuniko, nimefika kwenye pindo. Picha ya harusi nimeihamishia ukuta wa pili, wingu limeanza kukauka na pua yangu inaonekana. Jumuiya ya wiki hii ni kwangu tena, karibuni, mwinjilisti amekubali kufupisha. Na kiti chako usikihofie, nitaongea na mshitakiwa.

Ule ukoko wa Jumamosi nimeuonja mwenyewe. Sikuwa nimeonja tangu niolewe. Kweli ni mgumu. Nimewapa kuku, na wameondoka mlangoni.